Sauti ya Upole kwa Sikio la Mzee



Nyumba zetu aghalabu huandaliwa kwa ajili ya macho. Pazia hununuliwa kwa rangi yake, kochi kwa umbo lake, na televisheni kwa upana wa kioo chake. Sikio ni nadra kuulizwa, ilhali ndilo lisilo na kope. Aliyechoshwa na mwanga hufumba macho. Aliyechoshwa na sauti hana budi kuondoka, na asiyeweza kuondoka hubaki akistahamili kimya. Kwa hivyo wiki hii nimeona niandike juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni namna ya kuchagua spika za nyumbani zenye sauti ya upole, zinazoafikiana na amplifaya iliyopo na chumba chenyewe.

Mama yangu amepindukia umri wa miaka 80. Alisomesha watoto chuoni, hapa Mji wa Kale, tangu ujana wake mpaka macho yalipomshinda. Leo presha ya macho imemwachia kiwi tu cha mwanga dirishani, na msahafu, hata ule wa herufi kubwa, hauoni. Kilichobaki ni kusikiliza: visomo, darsa za masheikh wetu zilizomo katika kanda za kaseti, na habari za saa moja usiku. Kwa mtu wa hali yake, chombo cha sauti si anasa. Ndicho kitabu chake, na ndiyo barza yake.

Mwana wa dada yangu, anayefanya kazi Ghuba, alimletea bibi yake spika mpya, nyembamba, za kupendeza. Tuliziunga na amplifaya aliyotuachia marehemu baba. Siku ya kwanza sote tulistaajabu: kila pumzi ya msomaji ilisikika. Siku ya tatu mama akaomba zizimwe kabla ya robo saa kutimia. "Mwanangu," aliniambia, "msomaji mzuri, lakini hicho chombo chanipijia kelele." Wiki ya pili hakuomba tena kufunguliwa kisomo. Alikaa tu kitandani, tasbihi mkononi, na nyumba ikawa kimya. Kimya kile ndicho kilichonifanya nilifuatilie jambo hili kwa dhati.

Kwanza tulimpeleka kwa daktari wa masikio, na namnasihi kila mwenye mzazi mzee aanzie huko, kwani pengine tatizo ni nta tu. Daktari alitueleza jambo ambalo wengi hatulijui. Mtu akizeeka, sauti nyembamba za juu ndizo zitangulizazo kumpotea. Lakini mara nyingi, pamoja na upungufu huo, uvumilivu wake wa sauti kubwa nao hupungua. Sauti ya chini haisikii. Ukiiongeza kidogo, yamuumiza. Basi anayeongeza sauti akidhani amemsaidia mzee huenda amemzidishia adha. Mahitaji yake ni uwazi, na uwazi si ukubwa wa sauti.

Nikawa nauliza mafundi na kusoma nilichoweza. Sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa usawa. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha hivyo. Sikio letu ni jepesi zaidi katika sauti za kiasi cha mitetemo 2,000 hadi 5,000 kwa sekunde, na sauti inapokuwa ya chini, besi ndiyo itangulizayo kufifia. Katika hayo mna mafunzo mawili. La kwanza: spika iliyotengenezwa kusisitiza eneo hilo huvutia sana dukani, kwa sababu dakika mbili za ukali hufanana na uwazi, nyumbani, baada ya saa moja, ukali huo huwa msumari. La pili: anayesikiliza kwa sauti ya chini, kama mgonjwa au mzee, huhitaji spika yenye unene kidogo katika sauti za chini na za kati, ili sauti ya mtu isibaki mifupa mitupu. Unene huo ndio wajuzi wanaouita joto la sauti.

Ama chumba, hicho nacho ni chombo cha muziki tusichokinunua. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, na upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Ndiyo maana vyumba vingi vya asili ni vyembamba na virefu. Chumba cha mama kina upana wa futi 9 na urefu wa futi 19. Kuta ni ngumu, sakafu ya saruji, na dari iko juu. Piga kofi moja katikati ya chumba kama hicho: utasikia kofi likirudi mara nyingi, kwa mlio mkali. Spika yoyote utakayoiweka humo italipiwa kofi hilo hilo kwa kila herufi.

Kwa hivyo kabla ya kutoa hata shilingi moja ya spika, tulitandika zulia nene juu ya mkeka, tukatundika pazia zito kwenye ukuta ulio mkabala na zilipo spika, na kabati langu la vitabu, vyenye majalada ya kila kimo, nikalihamishia ukuta wa ubavuni. Tulipopiga kofi tena, lile wimbi la marejeo lilikuwa limepungua kwa kiasi kikubwa. Hii ni dawa rahisi, na aghalabu vifaa vyake vimo nyumbani tayari.

Tukaja kwenye amplifaya. Nyuma yake pameandikwa wati 30 kwa kila upande, na spika za ohm 8. Zile spika za Ghuba zilikuwa za ohm 4, zenye wepesi wa desibeli 84 kwa wati moja katika umbali wa mita moja. Maandiko haya madogo yana maana kubwa. Ohm zikiwa chache, spika hudai umeme mwingi zaidi kutoka kwa amplifaya. Ile isiyoundwa kwa deni hilo hupata moto, na katika joto letu la Kaskazi hupata moto maradufu. Ama desibeli, kila ukitaka kuongeza tatu, yabidi wati zizidishwe mara mbili. Spika ya desibeli 90 itatoa kwa wati 5 sauti ile ile ambayo ya desibeli 84 huidai wati 20. Nayo amplifaya ndogo ikilazimishwa kupita uwezo wake huikata sauti kwenye vilele, na huko kukatwa huzaa ukali ambao haukuwamo katika kanda wala katika koo la msomaji. Ukali huo huo huweza kuiunguza ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo mafundi huiita twita. Twita za Ghuba zilikuwa za madini, na katika jozi ile mlio wake ulikuwa mkavu. Spika hazikuwa mbovu. Ila hazikuwa za amplifaya hii, wala za chumba hiki, wala za sikio hili.

Nilikwenda kwa fundi mmoja upande wa Mwembe Tayari, anayeuza vyombo vilivyotumika. Nilichukua kanda tatu. Ya kwanza, kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, ambaye usomaji wake wa murattal wa mwaka 1961 ndio wa kwanza kurekodiwa Qur'ani nzima. Hana haraka, na kila herufi yake imesimama mahali pake. Ya pili, ya Sheikh Muhammad Siddiq al-Minshawi, kwa sababu ya huzuni na ulaini wa sauti yake. Ya tatu, darsa ya hapa petu iliyorekodiwa vibaya, yenye mvumo na mchakato. Kwani spika nzuri ya nyumbani ni ile inayoweza pia kuichukulia kanda mbovu kwa hisani.

Jozi aliyonionyesha mwanzo ilikuwa na sauti nzito, tamu, na mimi nikaipenda. Fundi akaniruhusu nende nayo nyumbani kwa siku mbili. Mama alisikiliza aya chache tu, akatabasamu: "Huyu naye amejiziba mdomo kwa leso." Alisema kweli. Nilipotega sikio vizuri, sin na thaa zilikuwa zimekaribiana mno, kwani tofauti ya herufi hizo imo katika sauti nyembamba za juu, ambazo spika zile zilizimeza. Swad ilisikika vyema kwa uzito wake, lakini kisomo si swad peke yake. Hapo nikapata kipimo ambacho hakimo katika karatasi za kiwandani: ulaini usiomeza makharij. Spika ya upole ni ile inayoondoa uchungu na kuacha herufi. Inayoondoa vyote viwili imezidi upole, imekuwa bubu.

Jozi ya pili ndiyo tuliyoinunua. Ni za ohm 8, desibeli 90, zenye kasha la mbao, koni ya karatasi ya inchi 8, na twita ya kitambaa. Sitasema kwamba kila twita ya kitambaa ni laini na kila ya madini ni kali. Zipo za namna zote, na mwamuzi ni sikio. Kabla ya kulipa, fundi alinionyesha jambo la kukaguliwa na kila anunuaye spika zilizotumika katika pwani hii: ule ukingo unaoizunguka koni. Wa sifongo huoza kwa unyevu, ukawa unga mkononi. Wa mpira hudumu zaidi. Isukume koni taratibu kwa ncha za vidole, pande zote kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo, irudishe. Tazama pia vishikizo vya waya nyuma, kwani hewa ya bahari huviotesha kutu ya kijani.

Mahali pa kuziweka napo ni nusu ya kazi. Mpwa wangu alipendekeza zikae kwenye pembe mbili za mwisho wa chumba, ili chumba kizima kijae. Nilimwambia, "Bibi yako si chumba kizima." Tulizisogeza hadi futi 5 kutoka kitandani, juu ya vigoda, usawa wa sikio lake akiwa ameketi, mbali na pembe na mbali na ukuta. Msikilizaji akiwa karibu na spika, sauti ya moja kwa moja humfikia kabla ya marejeo ya kuta kuivuruga, na hapahitajiwi sauti kubwa. Ama pembe, hiyo huifura besi, na besi ndiyo isafiriyo kupita dari za boriti na kumfikia jirani.

Alasiri ya kwanza tulimfungulia Minshawi kwa sauti ya kiasi cha mazungumzo. Aliendelea mpaka ikakaribia maghribi, na mara mbili alitangulia kuitaja aya kabla ya msomaji kuifikia. Tangu hapo yeye ndiye aulizaye, "Leo mwanifungulia nani?"

Mitaa yetu ni myembamba, wasomaji wangu. Dirisha la Kibokoni hutazamana na dirisha, na jirani ana haki asiyoitaja. Spika za pembe za juu ya minara ziliundwa kuirusha sauti mbali, penye uwanda. Ndani ya nyumba sauti haihitaji kurushwa, yahitaji kukabidhiwa mkononi. Anayetaka kununua na aanze kwa kumtazama atakayesikiliza, kisha chumba, kisha amplifaya, na spika ziwe za mwisho. Aombe kwenda nazo nyumbani, asikilize saa nzima badala ya dakika mbili, kwa sauti ya chini, kanda nzuri na mbovu. Na kama nyumbani mna mzee ambaye amezoea kusema "zima," asidhani kwamba mzee amechoka na dunia. Huenda amechoka na spika.

Wabillahi tawfiq.