SteamOS ama Windows

Pesa za makala zilipoingia, hapa Kitui mjini, nilikuwa nishaamua: Steam Deck. SteamOS yake ni Linux. Ukishuka matatu unabonyeza kitufe, gemu inalala, kesho unaendelea ulipoachia. ROG Ally inakuja na Windows 11, na apdeti zake hula bando vibaya.

Shida ni FC 25. Mfumo wake wa kuzuia wanaochiti haukubali Linux, na FC ndiyo kitu pekee kinachomkalisha kakangu mdogo nami nikienda kwa Mwaitu, Wote. Ng'ombe waliuzwa nikaenda chuo, nikaacha. Zamu yake ilipofika, zizi lilikuwa tupu. Hajawahi kulitaja. Hunifunga tatu bila, basi.

Nikaagiza Ally. Jumamosi nilishuka Wote na pedi mbili mkobani, apdeti ikiwa asilimia 40.