Muulize fundi: mbele itasukuma?

Mjomba wangu wa Msambweni ana Land Rover Series III, ile ya petroli ya lita 2.25. Gari hiyo ndiyo inabeba nazi hadi Ukunda, na ndiyo inalipa karo ya watoto wake. Shida ni kiu. Wiki ikiisha, faida yote imebaki petroli stesheni. Sasa kuna fundi amemwambia atoe hiyo injini, aweke 3L ya Hiace, dizeli ya lita 2.8, pamoja na giaboksi yake. Bei poa.

Kuna watu watasema kuweka Toyota ndani ya Land Rover ni kuiharibu. Wapi! Gari ni ile inayofanya kazi. 3L haina mambo ya kompyuta, na mafundi wa matatu wanaijua nje ndani. Kwa injini sina neno.

Neno langu liko kwa giaboksi. Hiace nyingi za matatu zinasukuma magurudumu ya nyuma peke yake, kwa hivyo giaboksi yake haina transifa, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukiifunga hivyo hivyo, umebaki na 4x4 ya sura tu. Ngoja masika, barabara ya shambani iwe tope, ndio utajua hujui.

Njia ziko mbili. Moja, bakisha giaboksi na transifa ya Land Rover, halafu fundi wa mashine akukereze adapta ya kuishika 3L. Ikikaa upande hata kidogo, klachi na beringi hazidumu. Mbili, tafuta giaboksi ya Hilux 4x4 na transifa yake. Lakini difu za Series zimekaa kulia, si katikati, kwa hivyo propela shafti lazima zipimwe upya.

Breki nazo usizisahau. Dizeli haitoi vakyumu kama petroli. Kwa 3L iko pampu nyuma ya alteneta, na isipounganishwa, breki ya sava inakuwa ngumu kama jiwe.

Halafu nambari ya injini mpya iingie kwa logibuku, kupitia NTSA. Usingoje kuulizwa barabarani.

Kwa hivyo kabla hujatoa hata shilingi, muulize fundi wako swali moja: mbele itasukuma? Akianza kuzunguka, wewe shika njia.