Punguza Upepo

Jumamosi nilipita na baiskeli msitu wa Arabuko-Sokoke, nikitokea Gede. Tairi nilizijaza kwa ajili ya lami, PSI 50. Kwenye mchanga gurudumu la mbele likazama, nikaanguka. Kijana mmoja akaniambia, "Pasta, toa upepo ibaki 30, tairi itanuke ikanyage mchanga. Lakini usizidishe, ukigonga jiwe, rimu itaibana tubu ipasuke."

Nikamkumbuka ndugu aliyerudi kanisani baada ya miaka miwili. Nilimpokea kwa kemeo, mbele ya watu. Hajarudi tena. Alikuwa bado mchanga, nami nikamwendea na tairi ya lami.

Kweli sitaiacha, bila upepo kabisa, hufiki. Ila leo naenda kwake kuomba msamaha.

Wewe je, ni nani ulimwendea mgumu? Soma 1 Wakorintho 9:22, kisha umtafute. Amina.