Mutomo, Saa Kumi na Moja Jioni

Kutoka Kibwezi matatu iliiacha barabara ya Mombasa, ikavuka Mto Athi na kupanda Uwanda wa Yatta. Baada ya hapo ni mibuyu, udongo mwekundu na jua. Tulipopita Ikutha nilikuwa nimeshakata shauri: nikishuka tu, Tusker baridi.

Mutomo haikuwa na haraka nami. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile tuliyozoea kuiita ya Mututho, mbunge aliyeiwasilisha, hairuhusu baa kuuza kabla ya saa kumi na moja siku za kazi, na mama mwenye baa hakutaka mzaha nayo. Saa ilipofika, akauliza: "Baridi ama moto?"

"Baridi, mama."

Tusker naipendea ule uchungu mdogo unaosafisha vumbi kooni. Naipendea pia kisa chake. George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa Kenya Breweries mwaka 1922, aliuawa na ndovu mwaka uliofuata, na ndovu akawa jina na nembo ya bia. Nairobi kisa hiki huchangamsha meza. Huku ndovu wa Tsavo huingia mashambani, na nilipokisimulia, mzee wa meza ya pili hakucheka.

"Huyo wako ana adabu, amekaa kwenye chupa," akasema. "Wetu hawabishi hodi."

Yeye alikuwa na kikombe cha Senator Keg, iliyotoka kwenye pipa la kaunta. Hii ni bia ya mtama, na mtama ndio anaolima: gadam, unaokomaa upesi na kuvumilia mvua haba za Kitui, ukiwahi kuvunwa kabla ndege hawajaumaliza. Senator Keg ilianza mwaka 2004, ikapunguziwa ushuru ili iwatoe watu kwenye chang'aa. Mwaka 2013 serikali ikairudishia ushuru mkubwa na mauzo yakaporomoka; nafuu ilirejea baadaye. Kwa hiyo bajeti inaposomwa bungeni, mzee husikiliza mara mbili: kama mnywaji na kama mkulima.

Akasisitiza nionje. Ni nyepesi, ina utamu wa nafaka, na uchungu karibu haumo. Kwa mtu aliyeshinda juani naielewa kabisa. Mimi nilikosa ule ukali mwishoni.

"Na uki, pombe yenu ya asali, ule wa mahari, si mtamu zaidi?" nikauliza.

"Huo hauuzwi, kijana. Lete binti tuzungumze."