Nani Hulala wa Kwanza

Mwaka 2012 nilikuwa nikikaa Sparkhill, Birmingham, katika mtaa mmoja unaotokea Stratford Road. Nilifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwavalisha, kuwapa dawa, kisha mbio kituoni kusubiri basi la kwenda kwa mwingine. Tulilipwa kima cha chini, ambacho Oktoba ile kilipanda hadi pauni 6.19 kwa saa, na muda wa ndani ya basi haukulipwa. Nikifika nyumbani usiku nilikuta sufuria zinanisubiri.

Jumapili tulikutana wanawake kwa mama mmoja wa Mombasa. Tulikuwepo wa Unguja, wa Tanga, wa Bujumbura, wa Uvira. Chai ikishamiminwa, malalamiko yalikuwa yale yale: usingizi umekatika, moyo unakwenda mbio, kichwa kizito, machozi yanakuja bila sababu. Baadhi yetu tulikuwa tukimeza vidonge vya sonona, na tulivificha waume na mawifi wasivione. Mwenzetu mmoja alipelekwa akasomewa. Kisomo kilimtuliza kweli, nilimwona kwa macho yangu, na sitamruhusu mtu akidharau mbele yangu. Lakini alirudi katika nyumba ile ile, kwa watoto wanne na mama mkwe, na hakuna aliyeuliza siku yake inaanza saa ngapi.

Binti wa Tanga ndiye aliyetutia hofu zaidi. Alifika mwishoni mwa mwaka kwa viza ya mume, na kanuni mpya za uhamiaji za tarehe 9 Julai zilikuwa zimeongeza muda wa majaribio ya ndoa kutoka miaka 2 hadi 5. Miaka mitano ukaaji wako wote uko mkononi mwa mtu mmoja. Mume alimfungia pasipoti kabatini na kumwambia kila wakigombana, "Nikipiga simu moja tu, unarudi kwenu." Hakumpiga. Binti alikonda, akawa anashtuka mlango ukigongwa, akaacha kuzungumza hata na sisi. Na kumbe sheria ilikuwa na mlango kwa mwanamke anayenyanyaswa kama yule, hata kama hakupigwa: tangu Aprili ya mwaka ule ule angeweza kuomba kibali cha miezi mitatu na msaada wa serikali huku akiomba ukaaji wake mwenyewe. Tuliujua baadaye sana, kupitia mhudumu mmoja wa kliniki.

Tarehe 24 Oktoba habari ilitangazwa: Mahakama ya Juu imewapa haki wanawake wapatao 170 walioishitaki halmashauri ya jiji la Birmingham. Walikuwa wapishi, wafagiaji, wahudumu wa wazee. Wanaume wa daraja lile lile, wazoa taka na wengineo, walikuwa wakipewa marupurupu ambayo wao hawakupewa. Majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba hata walioacha kazi zamani wanaweza kudai. Miongoni mwa watatu alikuwa Lady Hale, mwanamke pekee katika mahakama ile.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa katika kesi hiyo. Hata hivyo Jumapili iliyofuata hatukuzungumzia jingine. Mama wa Mombasa alisema, "Miaka yote nikidhani nachoka kwa sababu mimi dhaifu." Hapo ndipo kila mmoja alipoanza kusema mambo ambayo hakuwahi kuyasema.

Mimi nilikwenda kwa muuguzi kuomba dawa ya usingizi. Aliniuliza, "Nyumbani kwenu, nani hulala wa kwanza, na nani huamka wa kwanza?" Nilijibu, nikalia pale pale kitini. Dawa alinipa. Lakini swali lile nililipeleka kwa mume wangu. Alikuwa mwalimu kwetu, na pale akibeba boksi ghalani usiku; aibu ile ilimla kimya kimya, maana hakuwa na Jumapili ya chai, na tangu utotoni aliambiwa mwanamume halii. Tuligombana wiki nyingi. Kisha akaanza kupika, kwanza madirisha yakiwa yamefungwa mapazia. Mimi nikaanza kulala.

Septemba 2023, halmashauri ile, iliyokwisha kuwalipa wanawake zaidi ya pauni bilioni 1, ilitangaza kwamba haiwezi kumudu matumizi yake. Madeni ya mishahara ya wanawake yalitajwa mbele, pamoja na mfumo wa kompyuta uliokwenda kombo. Watu barabarani wakasema wanawake wamefilisi mji. Mama wa Mombasa alinipigia simu siku hiyo, sauti inatetemeka kwa hasira: "Mwanangu, hiyo ni pesa ya kazi waliyokwisha kuifanya. Ilikuwa wapi miaka yote hiyo?"