Neno Moja, Maana Nyingi: Tulivyojifunza Kufundisha Kitenzi "run"

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha, tuliketi nyuma ya darasa la tano kumsikiliza mwanachuo wetu akifundisha Kiingereza. Ubaoni alikuwa ameandika kwa mwandiko safi: run – kimbia. Wanafunzi walilikariri neno hilo mara tatu, wakaigiza kukimbia, na somo likaenda vyema mpaka ilipofikiwa sentensi ya kitabuni: My mother runs a shop. Msichana mmoja alisimama akaifasiri: "Mama yangu anakimbia duka." Mwalimu akatikisa kichwa. Mtoto akasema kwa mshangao, "Lakini mwalimu, mama yangu ana genge, na hajalikimbia." Darasa zima likacheka. Akaketi, wala hakunyosha mkono tena hadi kengele ilipolia.

Yatupasa kukiri kwamba andalio la somo lile tulikuwa tumelipitia na kulitia sahihi sisi wenyewe. Mtoto alifuata barabara yale aliyoyaona ubaoni. Kosa lilikuwa la mwalimu wake, na letu sisi tuliomwandaa.

Hapana budi mwalimu atambue ukubwa wa jambo hili. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, katika toleo lake la pili la mwaka 1989, ina majuzuu 20. Wahariri wake walipolidurusu neno run kwa ajili ya toleo la tatu, walihesabu maana 645 za kitenzi hicho peke yake. Habari hiyo ilielezwa magazetini mwaka 2011. Mtu hukimbia, mto hutiririka, injini hufanya kazi, makamasi hutoka, rangi ya nguo huchuja, mgombea huwania kiti, na mama huendesha duka: kwa yote hayo Mwingereza aweza kutumia run. Maana hizo zina udugu. Tangu Kiingereza cha kale neno hilo lilitumika kwa miguu na kwa maji pia, na katika nyingi kati ya hizo limo wazo la mwendo unaoendelea.

Je, mtoto wetu atayaweza hayo? Ataweza, kwa kuwa lugha yake imekwisha kumzoeza. Baada ya somo tulikaa na mwanachuo yule, tukakubaliana kwamba kipindi kinachofuata kianze kwa kitenzi "kata". Watoto walitoa mifano upesi: kukata kuni, kukata tiketi, kukata kona, kukata tamaa, kukata kiu. Mwalimu alipouliza kama kiu hukatwa kwa kisu, walicheka wote, na safari hii hapakuwa na aliyechekwa.

Ndipo akarudi kwenye run, akafundisha maana tatu tu, kila moja katika sentensi yake na kwa kitendo chake. Mtoto alikimbia uwanjani. Bomba la shule lilifunguliwa maji yakatiririka. Na juu ya meza likapangwa duka la makopo matupu, likapata mwendeshaji. Alipotaka sentensi mpya, yule msichana alinyosha mkono akasema: My mother runs a genge. Mwalimu aliipokea sentensi hiyo kama ilivyo, nasi tukaona amefanya vema.

Kwa hiyo twawausia walimu watarajiwa mambo matatu. Kwanza, neno la namna hii lisiandikwe ubaoni peke yake na tafsiri moja. Liandikwe ndani ya sentensi. Pili, zichaguliwe maana chache zinazohitajika katika darasa hilo, na nyingine zingoje wakati wake. Tatu, mtoto atoapo jibu la ajabu, kabla ya kumsahihisha tutazame kwanza tulichomfundisha.