Kompyuta ya Michezo: Tuulizie Kabla ya Kulipa

Wazazi wenzetu wengi wanajua jinsi michezo ya kompyuta inavyowavuta vijana, na jinsi vibanda vya michezo mitaani vinavyowaweka nje hadi baada ya Isha. Katika nyumba yetu tuliona ni afadhali kijana acheze sebuleni, mbele ya macho yetu, kwa saa tulizokubaliana, na mashine hiyo hiyo aitumie kwa masomo. Kikwazo kilikuwa fedha. Akiba yake ilitokana na kazi ya likizo mbili katika duka la ami yake, nasi tuliahidi kuongeza kidogo. Kompyuta iliyokamilika ilitushinda bei. Ikabaki kununua kifaa kimoja kimoja Kariakoo, vingine vipya na vingine vilivyotumika, kisha tuviunge wenyewe.

Hapo ndipo akiba ya mtu inapoweza kupotea. Maduka mengi hutangaza kuwa mali ikishauzwa hairudishwi, na kifaa kinaweza kuwa kizima kabisa lakini kisioane na mwenzake. Wazee wetu hawaozeshi kabla ya kuulizia. Nasi tuliazimia kuulizia mambo manne, na kuyaandika, kabla ya kutoa hata shilingi.

La kwanza ni prosesa na bodi mama, yaani ubao unaobeba vifaa vyote. Prosesa ya AMD ya soketi ya AM4 haiingii katika bodi ya Intel ya LGA1700. Lakini hata soketi ikiwa moja, haitoshi. Tulionyeshwa bodi ya B450, aina iliyotoka mwaka 2018, pamoja na prosesa ya Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022. Zinakaa pamoja vizuri, ila mashine haiwaki mpaka BIOS, programu iliyomo ndani ya bodi, iwe imesasishwa. Tena prosesa hiyo haitoi picha bila kadi ya grafiki. Ndugu yake, 5600G, hutoa. Tukaichagua hiyo, kadi isubiri, na tukataka iwashwe mbele yetu.

La pili ni RAM. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, na kwa macho ni kama pacha, lakini pengo la kila moja liko mahali pake, na bodi ya AM4 hupokea DDR4 tu. Muuzaji mmoja alitwambia kuwa yoyote itafaa. Kijana akamwomba, kwa adabu, ayaandike hayo kwenye risiti. Alipokataa, tuliaga tukaondoka.

La tatu ni umeme. Tundu la kadi kwenye bodi hutoa hadi wati 75, na waya wa pini 8 huongeza hadi 150. Kadi kama GTX 1650 nyingi hutosheka na tundu lile. Zilizo kubwa zahitaji pawa saplai yenye nguvu na nyaya zake.

La nne ni nafasi. Urefu wa kadi hupimwa kwa milimita, na kasha nalo lina kikomo. Mashine nyembamba za ofisi zilizotumika huvutia kwa bei, lakini nyingi hupokea kadi za kimo kifupi tu, na pawa saplai zake mara nyingi haziwezi kubadilishwa kwa ya kawaida.

Kazi hiyo ilituchukua Jumamosi tatu, na kijana alinung'unika kwamba tunamchelewesha. Lakini fedha ile ilikuwa jasho lake la kwanza, na kama ingepotea, angejifunza kuwa kuweka akiba ni bure, na kibanda kingemrudisha kwa urahisi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tunawashauri wazazi: kaeni na mtoto, mwacheni yeye ashike kalamu, na msimpe fedha mpaka karatasi ijibu maswali yote manne.